Fumbo la Maneno la Gazeti na Umbo la Neno la Kiswahili

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wengi wetu hulifanya faraghani, penseli mkononi na chai ikipoa mezani, na ambalo ni wachache wanaodhani kuwa lastahili kujadiliwa na watu wa lugha: kujaza fumbo la maneno la gazeti. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nililihesabu kuwa mchezo tu, hata siku moja nilipokutana na kidokezo kilichosema hivi: "Hali ya tunda (5)." Kwa msaada wa maneno yaliyokatiza nilikwisha kupata herufi tatu, U-A-U. Nikajaza UTAMU bila ya kusita. Kesho yake jibu lilichapishwa, nalo lilikuwa UKAVU.

Mwanzoni nilidhani kosa ni langu. Baadaye nililitazama jedwali upya nikaona kwamba hapakuwa na njia yoyote ya kulifikia jibu lile na kuliacha langu. Maneno yote mawili yaliafiki kidokezo, na yote mawili yaliafiki herufi zilizokwisha kupatikana. Katika kitendawili, mtegewa aliyeshindwa hutoa mji, kisha akaambiwa jibu na kuridhika, kwa sababu akilisikia huona mara moja kwamba ndilo. Mimi sikuridhika. Na sababu ya kutoridhika huko, kwa maoni yangu, haitokani na uzembe wa mtungaji peke yake. Inatokana na jedwali lenyewe, ambalo tumeliazima bila ya kulipima na umbo la maneno yetu.

Fumbo hili lilizaliwa Marekani. Tarehe 21 Desemba 1913, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alilichapisha la kwanza katika gazeti la New York World. Katika miaka ya 1920 likavuka bahari likaenda Uingereza, na tarehe 1 Februari 1930 The Times la London, ambalo halikuwa gazeti la kupenda mambo mapya, nalo likaanza kulichapisha. Huko Uingereza likapata mtindo ambao ndio ninaoukuta mara nyingi katika majedwali ya Kiswahili: miraba myeupe na myeusi hupishana kama wavu, hivi kwamba karibu nusu ya herufi za kila neno hukatizwa na neno jingine, na nusu iliyobaki haikatizwi na lolote. Wamarekani walishika mtindo mwingine, ambao kila herufi ndani yake ni ya maneno mawili, moja la kwenda kulia na moja la kwenda chini.

Ili tusizungumze hewani, nimetunga jedwali dogo la mtindo wa wavu.

M B U Z I
K ■ B ■ D
A L A M A
T ■ V ■ R
E P U K A

Vidokezo vyake ni hivi. Kwenda kulia: 1. Hula majani, tena hutafuna nazi asimeze. 4. Mwalimu hutoa, mguu huacha. 5. Jitenge na shari. Kwenda chini: 1. Huokwa, hukatwa, huliwa. 2. Chimbuko la Hawa. 3. Tawi la wizara au la chuo.

Majibu si magumu. Mbuzi wa kwanza ni mnyama, na wa pili ni kile kibao chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi. Mtu wa bara asiyewahi kukuna nazi huenda akakwama hapo kidogo. Alama ni zile za mtihani na zile za nyayo. Epuka ni kitenzi kwa kitenzi. Mkate hauna haja ya maelezo. Ubavu ni ule wa Adamu. Idara twaijua.

Sasa na tuchukue kwamba msomaji amekwisha kuyapata maneno yote ya kwenda chini, amebakiwa na 1 ya kwenda kulia. Anazo herufi tatu katika tano, M-U-I. Mwingereza akipewa herufi tatu katika tano huwa karibu sana na jibu. Mswahili je? Anaweza kuandika mbuzi, mkuki, mluzi, mvuvi, mjuzi, msusi. Akiwa na I-A-A anaweza kuandika idara, ibada, imara, inama. A-A-A ni alama au anasa. U-A-U ni ubavu, utamu, ukavu, utatu. Hata M-A-E, ambayo yaonekana kuwa finyu, inakubali mkate na mwale.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu silabi ya Kiswahili kwa kawaida ni wazi: konsonanti hufuatwa na irabu, kisha konsonanti, kisha irabu. Wavu nao huruka mraba mmoja mmoja. Mapigo haya mawili yakikutana, hutokea kwamba herufi zinazokatizwa ni irabu tupu, na zile zisizokatizwa ni konsonanti tupu. Neno "alama" limekatizwa mara tatu, na mara zote tatu ni kwenye A. Irabu zetu ni tano tu, na upambanuzi mwingi wa maneno hubebwa na konsonanti; kwa hiyo mfumbuzi hupewa bure kile kisichomfaa, na hunyimwa kile alichokihitaji. Mtungaji akisogeza neno mraba mmoja, konsonanti ndizo zitakazokatizwa na mambo yatakuwa afadhali kwa neno hilo, lakini lile linalolikatiza halitapona.

Yawezekana mtu akauliza: mbona basi tusiuchukue mtindo wa Kimarekani, ambao kila herufi ndani yake hukatizwa? Nilijaribu jioni kadhaa nikaacha. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Tukiyapanga maneno matano ya herufi tanotano moja juu ya jingine bila mraba mweusi, ukingo wa kulia wa jedwali utakuwa irabu tano zilizosimama, na irabu hizo tano nazo zatakiwa ziwe neno. Kiswahili kina oa na ua, kina eua na aua. Zaidi ya hapo sijui neno la irabu tupu linaloweza kujaza ukingo huo. Miraba myeusi hupunguza taabu lakini haiiondoi, maana kila mahali neno linapokomea pana irabu inayodai jirani zake. Ndipo watungaji walioshikwa na dhiki huanza kuchomeka vipande: "Kiambishi cha nafsi ya kwanza (2)", "Nusu ya baba (2)". Hivyo si vidokezo. Ni vibanzi vya kuzibia matundu.

Iwapo jedwali halisaidii, basi mzigo wote unaangukia kidokezo, na hapa Kiswahili kina shida yake na kina hila yake. Derrick Macnutt, aliyetunga mafumbo ya The Observer kwa jina la Ximenes na kuandika kitabu juu ya sanaa hiyo mwaka 1966, alishikilia kwamba kidokezo kiwe na maana kamili ya jibu, kiwe na dokezo la haki la umbo lake, na kisiwe na kitu kingine. Sharti hilo la mwisho ni zito kwetu kuliko kwa Waingereza, kwa sababu upatanisho wetu wa kisarufi hausetiriki. Nikisema "Kinasomwa", nimekwisha kukuambia kwamba jibu ni la ngeli ya ki-/vi-, na huenda herufi mbili za kwanza umezipata kabla ya kufikiri. Nikisema "Wa kumimina huhitaji mchele", ile "wa" imeutoa nje mkate. Na mbuzi ni hatari zaidi: mnyama ni mbuzi wangu huyu, chombo ni mbuzi yangu hii, upatanisho mmoja tu wa kawaida ungetosha kumuua mmoja wa mbuzi wawili, na utani wa kidokezo ungeharibika.

Mtazame basi mtungaji stadi anavyojificha. Hutumia "hu-". Hula, hukatwa, hutoa, huacha: umbo hili halichukui kiambishi cha nafsi wala cha ngeli, kwa hiyo ni pazia tayari. Nadhani si bahati tu kwamba vitendawili vingi, kama si vya kimya kabisa visivyo na kitenzi, navyo hupenda pazia hilo hilo. Msomaji na arudi kwenye vidokezo vyangu ataona kwamba mahali pamoja nimevujisha siri: "asimeze". Kiambishi "a-" kimechungulia. Nilikiacha kwa sababu kinampotosha mfumbuzi kumfuata mnyama, ilhali anayetafuna nazi si mnyama. Kama hilo ni haki au ni hila, sina hakika; Macnutt labda angelikata. Njia nyingine ni kuweka jina la ngeli yake lenyewe mbele, kama "Chimbuko la Hawa", ambapo "la" ni ya chimbuko na haisemi lolote juu ya ubavu.

Kuhusu umbo linalopaswa kuandikwa katika miraba, ugomvi ni mdogo kuliko ulivyokuwa. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, maneno mengi yaliyonyambuliwa yamewekwa chini ya shina, na mfumbuzi asiyejua shina hutangatanga. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 humpa njia fupi, na vitenzi vyake vimeorodheshwa bila ya "ku-". Yafaa mtungaji asikiuke hapo: jibu liwe neno linaloingizwa katika kamusi. ALIPOKUJA hujaza miraba tisa vizuri sana, lakini ni sentensi iliyovaa nguo za neno.

Narudi kwenye jedwali, kwa maana ndiko kwenye kiini cha jambo. Ni nani aliyetuambia kwamba mraba lazima ubebe herufi? Wajapani huujaza kwa alama moja ya silabi, na mafumbo yao husimama. Nasi tunao ushahidi wa nyumbani. Mtoto wa Pwani anayesema kinyume huichukua silabi ya mwisho akaitanguliza, mbuzi ikawa zimbu. Hafundishwi isimu, wala haivunji "mb" vipande viwili. Sikio lake limekwisha kupima kwamba kipande cha kuchezea lugha hii ni silabi. Tumfuate mtoto huyo, tuandike silabi moja katika kila mraba:

MBU ZI
GA WA

Kwenda kulia twapata mbuzi na gawa. Kwenda chini twapata mbuga na ziwa. Miraba minne, maneno manne, na hakuna mraba hata mmoja usiokatizwa. Ule ukingo wa irabu tupu umetoweka, kwa kuwa kila irabu imeingia mrabani pamoja na konsonanti yake. Mfumbuzi aliyepata ZI kutoka ziwa amepata kitu cha kumfaa, kwa sababu mkuki, mvuvi na msusi wameondoka wenyewe.

Njia hii ina miiba yake. Maneno ya mkopo kama labda na daktari yana konsonanti zisizofuatwa na irabu. Mimi ningeandika LAB-DA katika miraba miwili, na najua mwenzangu wa fonolojia ambaye angetaka mitatu. Lakini mwiba mmoja umegeuka kuwa neema. Kuna mbuni ndege na kuna mbuni mti wa buni. Katika jedwali la herufi ni kitu kimoja, M-B-U-N-I, miraba mitano. Katika jedwali la silabi ndege ni MBU-NI, miraba miwili, na mti ni M-BU-NI, mitatu, kwa kuwa "m" yake ni silabi inayojitegemea. Ile tarakimu ya mabano inayofuata kidokezo, ambayo hadi sasa ilikuwa hesabu ya karani, inaanza kusema jambo la sarufi. Nimewahi kuandika ubaoni "Mbuni (2)" na "Mbuni (3)" bila ya maelezo. Darasa lilichukua dakika chache likiyatamka maneno hayo kwa sauti, kisha likanyamaza, kisha likacheka.

Lililobaki ni la wachapaji. Katika miraba ya herufi king'ong'o hudondoshwa, na ng'oa, ambayo ni kazi ya jembe, huwa sawa na ngoa, ambayo ni kazi ya wivu. Katika miraba ya silabi hakuna budi kukiandika, kwa sababu NG'O na NGO ni silabi mbili mbalimbali: ng'ombe na ngoma haziwezi kukatizana kwenye mraba wa kwanza, na mtungaji atakayezikatizanisha hapo ajiandae kupokea barua.