Segese: Teknolojia imefika machimboni, itafika lini darasani?

Ijumaa hii tumekusudia kuzungumza na wazazi na walezi juu ya jambo ambalo wengi huliachia Serikali na walimu peke yao, nalo ni matumizi ya teknolojia katika ufundishaji. Tumechagua kulitazama kutokea Segese, kwa kuwa huko jambo hili lina sura iliyo wazi zaidi kuliko mijini.

Segese ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaoendelea hadi Geita. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, umo katika halmashauri hiyo hiyo, na wachimbaji wadogo wametapakaa katika ukanda mzima. Mtoto anayekulia katika mazingira hayo hahitaji kuelezwa teknolojia ni kitu gani. Anaisikia katika mngurumo wa karasha linalosaga mawe, anaiona katika pampu inayovuta maji shimoni, na anaishika mkononi kila anapotumwa kupokea fedha kwa simu. Iliko chelewa kufika ni mahali pamoja: darasani.

Hapo ndipo penye hatari. Mtoto naye hupima mambo kwa akili yake. Akiona machimboni kuna mashine, fedha na vitu vipya kila siku, na shuleni kuna chaki na daftari la kunakili tu, moyo wake huanza kuelekea shimoni kabla ya miguu. Utoro katika maeneo ya machimbo una sababu nyingi, na umaskini wa nyumbani ndio ulio mbele. Lakini somo lisilomfungulia mtoto mlango wowote nalo ni sababu, tena ni sababu tunayoweza kuiondoa.

Haiwezi kusemwa kwamba nchi yetu imekosa maandiko. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, kwa hofu ya gharama na kwa kutoona faida yake. Zuio hilo likaja kulegezwa, na mwaka 2003 ikapatikana Sera ya Taifa ya TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Mwaka 2007 ikafuata sera ya TEHAMA mahsusi kwa elimu ya msingi. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu, pamoja na vingine vilivyoongezwa, vilianza kugawiwa kwa walimu nchi nzima. Tulitoka kwenye hofu tukaingia kwenye ugawaji. Swali lililobaki ni nini kinachotendeka baada ya kifaa kufika shuleni.

Kalamu na mwenye kuishika

Sisi Waislamu hatuna sababu ya kuviogopa vyombo vya elimu. Aya za mwanzo kuteremshwa, zilizomo katika Suratul-Alaq, ziliamrisha kusoma na zikaitaja kalamu. Wazee wetu walijifunza herufi kwa ubao wa mti, wino na kalamu ya mwanzi. Ubao ukajazwa, ukaoshwa, ukaandikwa upya. Hata hivyo hatujapata kumsikia mtu akisema kuwa ubao ndio uliomfundisha. Alikuwapo mwalimu aliyesikiliza matamshi, akasahihisha, akamrudisha mtoto pale alipoteleza. Ubao ulimtumikia mwalimu, naye mwalimu akamtumikia mtoto.

Walimwengu wamelijua hilo kwa gharama kubwa. Nchi ya Peru iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa shule zake, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 ikaonyesha kuwa watoto hawakuendelea zaidi katika hisabati wala katika lugha. Vifaa vilifika, ufundishaji ukabaki ulivyokuwa.

Hapa kwetu, mkoani Tanga, kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto wapatao 2,700 wa vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi katika shindano la kimataifa la programu za kujifunzia. Programu zilikuwa za Kiswahili, na vituo vya umeme wa jua viliwekwa kwa ajili ya kuchaji. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kukanyaga shule. Baada ya miezi kumi na mitano, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua takriban kwa nusu. Tunajifunza mawili: kifaa chenye lugha ya mtoto na umeme wa uhakika kina manufaa, na bado kikiachwa peke yake huwaacha nyuma watoto wengi.

Vikwazo vilivyopo

Kwanza ni umeme. Mpango wa umeme vijijini chini ya REA umefika mbali, lakini kijiji kuwa na nguzo si sawa na darasa kuwa na soketi, wala soketi si sawa na fedha ya kulipia umeme kila mwezi.

Pili ni wingi wa wanafunzi. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, iliwaingiza shuleni watoto wengi ambao wangebaki nje, na hiyo ni neema. Lakini tuchukue mfano wa darasa la wanafunzi 90, mara mbili ya kiwango cha 45, lenye kompyuta kumi. Kila kompyuta itazungukwa na watoto tisa. Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa, kila mmoja anapata dakika nne na ushei, bila kuhesabu muda wa kuwasha mashine. Katika msongamano huo wenye nguvu hushika kompyuta, na mara nyingi mtoto wa kike hubaki nyuma akichungulia juu ya mabega ya wenzake.

Tatu ni mwalimu mwenyewe. Kujua kufungua kishikwambi ni jambo moja, na kujua ni lini kimsaidie mtoto kuelewa sehemu au mzunguko wa damu ni jambo jingine. Semina ya siku mbili haitoshi. Mwalimu huhitaji kujaribu, kukosea na kurudi kuuliza.

Nne ni lugha. Mtoto aliyezungumza Kisukuma nyumbani na kufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, akiingia kidato cha kwanza hukutana na masomo kwa Kiingereza na kompyuta yenye Kiingereza kwa wakati mmoja. Anajifunza mambo matatu akidhaniwa anajifunza moja.

Tano ni matengenezo. Vumbi, joto na umeme wa kukatika haviihurumii mashine. Kifaa kikiharibika na fundi yuko mjini Kahama, hufungiwa kabatini, na kabati ndilo huwa kaburi lake.

Wajibu wetu

Tuonavyo sisi, mambo matatu yanawezekana bila kungoja muujiza. La kwanza ni la halmashauri. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanawataka wenye migodi kuandaa mpango wa kuchangia maendeleo ya jamii kwa makubaliano na serikali za mitaa. Wananchi waombe sehemu ya mchango huo iende kwenye mafundi, umeme na mafunzo ya walimu, isiishie kwenye majengo na sherehe za kukabidhi.

La pili ni la shule. Pasipo kompyuta za kutosha, kifaa kimoja mkononi mwa mwalimu aliyejiandaa, chenye projekta au hata spika tu, huwafaa watoto 90 kuliko kompyuta kumi zinazogombewa.

La tatu ni letu wazazi. Simu imeshaingia nyumbani. Ikiwa mtoto anaijua kwa michezo, picha na kamari tu, tusimlaumu mwalimu kwa kutoigeuza kuwa kitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Mzazi anunue bando kwa nia hiyo, akae na mwanawe, wa kike kwa wa kiume, wasome ukurasa mmoja. Kamati ya msikiti wenye umeme nayo inaweza kufungua chumba cha kusomea baina ya Magharibi na Isha, chini ya mtu mzima anayeaminika.

Dhahabu ya Msalala ina mwisho wake, kama ilivyo kwa kila kichimbwacho ardhini. Mgodi wa Buzwagi, uliopo wilayani humo humo Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufikia ukomo wa uzalishaji mwaka 2021, miaka kumi na miwili tu. Watoto wa Segese watabaki baada ya mashimo kunyamaza, nao ni amana mikononi mwetu. Tusiwaache waijue mashine machimboni tu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Wabillahi tawfiq.