Gesi ya Mchezoni, Gesi ya Rovuma

Mcheza StarCraft hafiki mbali bila gesi. Mchezo huu wa kompyuta wa Blizzard, uliotoka Machi 1998, unazikutanisha jamii tatu zinazogombea sayari za mbali, na zote zinahitaji gesi iitwayo vespene ili kuunda silaha za maana. Kuipata si kazi. Inafuka ardhini mchana kweupe. Unajenga mtambo juu ya tundu, unatuma vibarua, na kila mmoja anarudi na vipimo 8.

Nhica do Rovuma, kijiji cha wilaya ya Palma nchini Msumbiji kilicho bara kidogo, si mbali na mto Rovuma, hakina tundu lolote linalofuka, ingawa bahari ya wilaya hiyo ina hazina ya gesi ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa Afrika. Gesi imelala chini ya maji yenye kina cha mita 1,500 hivi, na bado chini zaidi ndani ya miamba. Ghala lake ni mchanga ulioletwa na Rovuma ya kale, kati ya miaka milioni 66 na milioni 23 iliyopita. Mchanga ulirundikana ukingoni mwa bara, ukawa unaporomoka kwa mikupuo hadi vilindini, kisha ukafunikwa na matope mazito. Gesi iliyopanda kutoka miamba ya chini ikajipenyeza kati ya chembe za mchanga, ikagonga tabaka la matope, ikakwama.

Mchezo umepatia jambo moja: giza. Ramani ya StarCraft ni nyeusi mpaka askari wako apite. Wanajiolojia wao huliondoa giza kwa sauti. Meli hufyatua hewa iliyoshindiliwa, mlio unazama hadi miambani, na mwangwi unanaswa na nyaya ndefu zinazokokotwa nyuma. Ndani ya mchanga uliojaa gesi sauti hupunguza mwendo, kwa hiyo mwangwi wa tabaka hilo hurudi na nguvu zaidi kuliko wa majirani zake. Kwenye picha huonekana doa linalong'aa. Doa si gesi bado, ni sababu ya kutoboa. Kampuni ya Anadarko ilitoboa kisima cha Windjammer katika bahari ya Palma, na mwaka 2010 ikaikuta gesi.

Tundu la mchezoni likikauka, kibarua huambulia vipimo 2 kila safari, milele. Kisima cha kweli nacho hulegea presha ikishuka, ila kina mwisho.

Kilichoachwa nje na mchezo ni muda na watu. Shehena ya kwanza ya bonde la Rovuma iliondoka kwenye mtambo unaoelea wa Coral Sul Novemba 2022, miaka 12 baada ya Windjammer, ikiwa imepozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ili ujazo wake upungue mara 600 hivi. Halafu, katika StarCraft unajenga utakapo: wanyama wanazurura, wanakijiji hawapo. Kwenye rasi ya Afungi, wilayani Palma, walikuwepo. Watu wa kijiji cha Quitupo walihamishiwa Quitunda kupisha mtambo wa gesi wa nchi kavu. Mji wa Palma uliposhambuliwa na waasi Machi 2021, waliokimbia walipita msituni, baadhi wakishika njia ya Nhica kuelekea mtoni, na mwezi uliofuata kampuni ya Total (sasa TotalEnergies) ikatangaza kusimamisha mradi wa mtambo huo.