SIKOLOJIA MBELE YA JUJI: NAMNA SWALI LINAVYOWEZA KUHARIBU USHUHUDA



Wale wa sehemu ya pedagojia wanajifunza sikolojia katika kalasi, na wengi wetu tunafikiri kwamba elimu hiyo ni ya mwalimu tu, juu ya kujua namna ya kufundisha watoto. Haiko hivyo. Elimu hiyo inaingia vilevile katika tribunali, na mara ingine uhuru wa mtu unategemea elimu hiyo. Tunataka kueleza kazi yake kidogo kidogo, kwa mfano wa shauri moja la kweli.

1. Ni elimu gani?

Sikolojia ni elimu ya mawazo, kumbukumbu na mwenendo wa mtu. Ikitumiwa katika mambo ya sheria, inaitwa sikolojia ya kisheria. Kazi zake ni nyingi, lakini tutaje tatu:

a) Kupima akili ya mshitakiwa. Wakati alipotenda kosa, alijua anachofanya, ao alikuwa mgonjwa wa akili? Hapa mwanasikolojia anafanya kazi pamoja na daktari.

b) Kusaidia juji wa watoto. Katika inchi yetu, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto iliweka tribunali za watoto, ni kusema za wale wasiotimiza miaka 18. Juji wa watoto anapaswa kujua mtoto huyu ametoka wapi, nyumbani kwao kuko namna gani, na ni njia gani itamrudisha katika mwenendo mwema.

c) Kuchunguza ushuhuda. Shahidi ameona nini kweli? Na maneno anayosema leo, yametoka katika macho yake ao yametoka katika kinywa cha yule aliyemuuliza?

Tufahamu vizuri: mwanasikolojia si juji. Hasemi «huyu ana kosa» ao «huyu hana kosa». Yeye ni eksperi. Anaitwa, anaeleza yale elimu yake inayojua, kisha anakaa. Hukumu ni kazi ya juji. Kwetu Kongo vilevile, dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959 juu ya namna ya kufuata mashauri ya makosa inaruhusu parke na juji kuita eksperi wakati wanapokuwa na lazima.

Leo tutazungumza zaidi juu ya kazi ya tatu, kwa sababu hiyo inatugusa sisi wote. Hakuna mtu asiyepata siku moja kuulizwa: «Weye uliona nini?»

2. Shauri moja la Ubelgiji, mwaka 1910

Sheria nyingi za inchi yetu zilitoka Ubelgiji, basi tuchukue mfano wa kule.

Mwaka 1910, katika kijiji kimoja cha Ubelgiji, msichana mdogo aliuawa. Siku ile alikuwa amecheza na wasichana wengine wawili wenye umri kama wake. Usiku mama yake alipoona kwamba mtoto harudi, alikwenda kuwaamsha wale wawili na kuwauliza mwenzao yuko wapi. Jibu la kwanza lilikuwa fupi: hawajui.

Kisha wakubwa wa polisi na wa sheria wakaanza kuwauliza. Wakawauliza leo, wakawauliza kesho, mwezi mzima. Na maswali yenyewe hayakuwa wazi. Yalikuwa maswali yenye jibu ndani yake, sawa mtu anayekupa mzigo na kukuonyesha bega la kuuweka. Kidogo kidogo wale watoto, ambao usiku wa kwanza hawakujua kitu, wakaanza kujua mengi. Wakaeleza mtu yule aliyeua alikuwa namna gani. Mwisho wakataja hata jina lake.

Wakati huohuo barua isiyokuwa na jina la mwandikaji ilifika kwa polisi. Juu ya barua ile wakamkamata baba wa mmoja wa wale watoto wawili. Kwa hiyo mtu alisimama katika hatari kubwa sana, na sehemu kubwa ya mashitaka ilikuwa maneno ya watoto wadogo.

Avoka wa mshitakiwa hawakuwa peke yao. Bwana Varendonck, mtu wa elimu ya sikolojia na mafundisho ya watoto, aliitwa kuwa eksperi. Aliposoma dosie, aliona kwamba maneno ya watoto yamebadilika kila mara kwa kufuata maswali. Lakini namna gani kuonyesha jambo hilo kwa watu wa baraza? Yeye hakusema tu «nawaza hivi». Alikwenda katika kalasi na kujaribu.

3. Majaribio ya Bwana Varendonck

Jaribio la kwanza. Wanafunzi 18 wenye miaka 7 waliulizwa: ndevu za mwalimu fulani ni za rangi gani? Mwalimu yule walimjua vizuri. Watoto 16 wakataja rangi. Lakini yule mwalimu alikuwa hana ndevu hata kidogo.

Jaribio la pili. Mwalimu mmoja aliingia katika kalasi ya wengine, akasema kwa nguvu karibu dakika 5, tena bila kuvua kofia. Wakati ule, kule kwao, kuingia ndani na kofia kichwani lilikuwa jambo la kukosa adabu, kwa hiyo kila mtoto alipaswa kuliona. Alipotoka, wanafunzi 27 wakaulizwa: alikuwa ameshika kofia katika mkono gani? Watoto 24 wakachagua mkono, wengine wa kuume, wengine wa kushoto. Watatu tu njo walisema kwamba kofia haikuwa mkononi.

Jaribio la tatu. Watoto 22 waliulizwa juu ya mtu aliyekuja kusema na Bwana Varendonck asubuhi katika kiwanja cha masomo. Hakuna mtu aliyekuja. Lakini watoto walio wengi wakamkubali mtu huyo, na 17 kati yao wakatoa hata jina lake.

Bwana Varendonck akapeleka mambo hayo mbele ya baraza. Mshitakiwa akaachiliwa.

4. Kwa nini mtoto anasema jambo lisilokuwako?

Wengi watajibu haraka: «Ni wongo! Watoto ni waongo.» Lakini wale watoto hawakutaka kudanganya mtu. Sababu ziko zingine.

Kwanza, mtoto anaheshimu mkubwa. Mkubwa akiuliza rangi ya ndevu, mtoto anafikiri: «Kama ameuliza hivi, basi ndevu ziko.» Swali lenyewe limempa habari.

Pili, kule masomoni tumezoea kwamba mwalimu akirudilia swali, maana yake jibu la kwanza halikuwa sawa. Basi mtoto aliyejibu «sijui», akiulizwa tena na tena, anatafuta jibu lingine ambalo litapendeza.

Tatu, na hii ndiyo mbaya zaidi: kumbukumbu si kama picha ya fotografi iliyofungiwa katika sanduku. Kila mara tunapokumbuka jambo, tunalijenga upya, na yale tuliyosikia nyuma yanaweza kuingia ndani kama mchanga katika unga. Kisha mtu anaapa kwa moyo safi juu ya jambo ambalo hakuliona.

Na wakubwa wasicheke. Mwaka 1974 kule Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha wanafunzi 150 wa chuo kikuu filme fupi ya motokari zinazogongana. Kundi moja la 50 liliulizwa: motokari zilikimbia mbio gani zilipogongana? Kundi lingine la 50 liliulizwa swali lilelile, lakini kwa neno la nguvu zaidi, sawa na kusema «zilipopondana». Kundi la tatu halikuulizwa juu ya mbio. Juma moja kisha, wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filme hakukuwa kioo kilichovunjika. Katika kundi la neno la kawaida, watu 7 walisema ndiyo. Katika kundi la neno la nguvu, 16. Neno moja tu!

5. Basi, watoto wasisikilizwe?

Bwana Varendonck na wenzake wengi wa wakati ule walifika kwenye mawazo makali: kwamba watoto si mashahidi wa kuaminiwa. Hapo walipita mpaka. Kama tribunali inakataa kusikia watoto, basi yule anayetesa watoto amepata ukuta wa kujificha nyuma yake, kwa sababu mara mingi hakuna shahidi mwingine.

Uchunguzi wa miaka iliyofuata umetengeneza jambo hilo. Hata mtoto mdogo anaweza kusema kweli, na kusema vizuri, kama anaulizwa vizuri. Akiambiwa «nieleze yote yaliyotokea, tangu mwanzo», anasema machache, lakini yale machache mara nyingi ni ya kweli. Makosa yanaingia zaidi pale mkubwa anapoanza: «Alikushika, sivyo? Alikuwa fulani, sivyo?» Ni kusema ubaya ulikuwa katika swali kuliko katika mtoto.

Elimu hiyo imefika mpaka kwetu. Kule Kavumu, katika Kivu ya Kusini, tangu mwaka 2013 mpaka 2016, karibu wasichana wadogo 40 walichukuliwa usiku nyumbani kwao na kutendewa ubaya mkubwa sana. Shauri lilipofika mbele ya tribunali kubwa ya kijeshi, wakubwa hawakutaka kuwasimamisha watoto wale mbele ya watu wote na kuwauliza mara kumi. Watoto walisikilizwa na watu waliofundishwa kazi hiyo, na maneno yao yakakamatwa katika video ili yaletwe mbele ya majuji. Tarehe 13 Desemba 2017, watu 11 walihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2018 hukumu hiyo ikahakikishwa katika rufani.

Angalieni, wapenzi: Ubelgiji katika 1911, elimu hii ilimtoa mtu katika hatari kwa sababu watoto waliulizwa vibaya. Kavumu katika 2017, ilisaidia kuleta haki kwa sababu watoto walisikilizwa vizuri. Elimu ni moja. Haiko upande wa mshitakiwa wala upande wa mshitaki.

6. Na sisi katika masomo yetu?

Mtu atasema: «Mambo ya majuji si yetu.» Lakini franka za mwanafunzi zikipotea katika nyumba ya kulala, tunafanya nini? Tunakusanyika wote, kila mtu anapaza sauti, mmoja anasema: «Si ulimuona fulani akitoka?» Mdogo wa kalasi ya kwanza anaogopa, anajibu: «Nazani ni yeye.» Jioni ile «nazani» imekuwa «nilimuona», na asubuhi jina la ndugu limefika kwa Bwana Prefe. Mwenzetu anaweza kufukuzwa juu ya maneno kama hayo. Kwa hiyo tushike mambo haya:

— Tuulize kila shahidi peke yake, mbele hajazungumza na wengine. Sheria ya Musa inataka mashahidi wawili ao watatu, na ni vema. Lakini wawili waliokwisha kupatanisha maneno wamekuwa kinywa kimoja.

— Tuanze na swali wazi: «Eleza uliyoona.» Tusitaje jina la mtu mbele shahidi hajalitaja mwenyewe.

— Tumwambie: «Kama hujui, sema sijui.» Kisha akisema hajui, tukubali. «Sijui» ni jibu la heshima.

— Tuandike maneno yake ya kwanza sawasawa alivyoyasema, na tuandike vilevile swali letu. Hapo mtu anayesoma kisha anaweza kupima kama jibu limetoka kwa shahidi ao kwetu.

— Tusirudilie swali lilelile mpaka tupate jibu tunalotaka.

Na weye unayeulizwa, usione haya. Sema uliloona, acha lile ulilosikia, na usiongeze kofia mkononi mwa mtu aliyeivaa kichwani. Jina la mwenzako si kitu cha kubahatisha.