Nani Aliyapanga Mawe?



Kando ya njia ya zamani ya misafara, mkoani Tabora, kuna mawe makubwa. Mengine yamepandana kama yamepangwa na mtu. Huko Kilimanjaro pia kuna marundo ya mawe. Je, yote yamepangwa na kitu kimoja? Hapana. Wataalamu wametafuta jibu kwa miaka mingi.

Mwaka 1848, Mjerumani Johannes Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Huko Uingereza baadhi ya wataalamu walikataa habari hizo. Mwaka 1889, Hans Meyer alifika kileleni, akaikanyaga barafu. Aliporudi mwaka 1898, aliona imepungua.

Mwaka 1953 na 1957 walikuja wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza. Hao walichunguza mawe. Barafu nene haitulii. Huteremka polepole sana, ikisukuma mawe na udongo. Ikiyeyuka, huacha mawe pale pale, kama mpagazi anavyotua mzigo wake. Marundo hayo yako chini kuliko barafu ya siku hizi. Ndiyo maana wataalamu walijua kwamba zamani barafu ilikuwa kubwa, tena ilishuka na kurudi nyuma mara kadhaa.

Mwaka 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walitoboa barafu yenyewe. Walikadiria kwamba ile ya chini kabisa ina miaka 11,700 hivi. Lakini barafu inakwisha. Mwaka 1912 ilifunika kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2.

Na mawe ya Tabora? Hayakuletwa na barafu ya Kilimanjaro. Yalitokana na mwamba wa hapo hapo. Mwamba huo ulikuwa na nyufa chini ya ardhi. Maji yaliingia katika nyufa, yakaulainisha pande zote. Kisha mvua ikachukua udongo kidogo kidogo, mpaka mawe yakabaki wazi.

Ndugu mkulima, mvua hiyo hiyo inanyesha shambani kwako. Usilime matuta ya kufuata mteremko. Yakingamishe, ili maji yatulie na kuingia ardhini. Usikate miti ya kilimani. Udongo ukichukuliwa, utabaki na mawe, na mawe hayaoti mahindi.