Presha ya Mimba Haitoki Kwenye Magadi

Ziwa Magadi la Kajiado, Kenya, limeupa mji wake jina na kazi. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911, na magadi yenyewe huingia vyunguni kulainisha maharagwe na mboga za kienyeji. Basi mjamzito wa Kajiado akiambiwa presha imepanda, wa kwanza kulaumiwa ni chumvi na magadi.

Lawama hiyo hupoteza muda. Tatizo huanzia kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya mji wa mimba inayolilisha kondo isipotanuka vya kutosha, kondo hukosa damu na kumwaga kemikali zinazoumiza mishipa ya mama, kwenye figo, ini na hata ubongo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 haukupendekeza kupunguza chumvi kama kinga. Ulipendekeza aspirini ya miligramu 75 kwa siku, ianzwe kabla ya wiki ya 20, kwa mama aliye hatarini zaidi: aliyewahi kupata presha hii, mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au mapacha. Dozi hiyo huandikwa kliniki, hainunuliwi kwa kubahatisha.

Mwongozo huo ulitaja pia kalsiamu, pale inapopungua kwenye chakula. Baadhi ya akina mama wa Kimaasai hupunguza kula miezi ya mwisho, maziwa yakiwemo, ili mtoto asiwe mkubwa wakati wa kuzaliwa. Hofu yao inaeleweka pale ambapo chumba cha upasuaji kiko mbali. Lakini maziwa ndiyo kalsiamu yenyewe.

Presha haionekani kwa macho. Mama anaweza kuwa na 150 kwa 100 huku anachota maji na kucheka. Baada ya wiki ya 20, kipimo cha 140 kwa 90 kinachojirudia ni tatizo. 160 kwa 110 ni dharura. Aliyetembea kwenye jua la Magadi apumzike kwanza dakika tano kivulini, ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Kisha mkojo upimwe kwa kijiti, kuona kama protini inavuja.

Dalili zikijitokeza, hatari imeshakaribia: kichwa kisichosikia dawa, vimulimuli machoni, maumivu chini ya mbavu za kulia yanayodhaniwa kuwa vidonda vya tumbo, au uso na mikono kuvimba ghafla hadi bangili za shanga zikabana. Afya njema si kinga. Tori Bowie wa Marekani, bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2017, alifariki 2023 akiwa mjamzito, na kifafa cha mimba, mwisho mbaya wa presha hii, kikatajwa miongoni mwa sababu zinazowezekana.

Kifafa kikianza, mama alazwe ubavu wa kushoto, asitiwe kijiko mdomoni, na apelekwe hospitali mara moja. Huko dawa kuu nayo ni aina ya chumvi: magnesiamu salfeti. Utafiti wa 2002 uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Kabla ya kila dozi, muuguzi hugonga goti la mama kwa nyundo ndogo. Mguu usiporuka, dozi husimamishwa, kwa kuwa dawa ikizidi hulegeza hata misuli ya kupumua.

Tiba kamili ni mama kujifungua, na daktari ndiye anayepima wakati wake. Hata hivyo kifafa kinaweza kuja siku kadhaa baada ya kujifungua, kwa hiyo aliyerudi nyumbani na mtoto aendelee kupimwa.

Kutoka Magadi hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 100, safari ya kuanzwa kichwa kinapouma, si baada ya kifafa. Septemba 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine ya presha. Mjamzito wa Magadi, Kitengela au Kajiado aliyevuka wiki ya 20 na hajapimwa mwezi huu, amwite mhudumu wa kijiji chake au aende kliniki wiki hii.