Saa Tatu ya Bamburi

Je, wajua kwamba kikao cha saa tatu asubuhi katika ukumbi wa hoteli pale Bamburi, kikipangwa kwenye kalenda ya pamoja, mara nyingi huhifadhiwa kama 06:00? Mpangaji husema "saa tatu", kwa kuwa sisi huhesabu saa tangu jua lichomoze. Simu yake huonyesha 9:00. Seva nayo hushika saa ya kimataifa, ambayo Kenya imeitangulia kwa saa 3. Nambari tatu, wakati ni ule ule.

Kikao cha kila wiki hubeba pia jina la eneo, "Africa/Nairobi". Uingereza husogeza saa zake kila Machi na Oktoba, sisi hatusogezi. Basi cha Bamburi hubaki saa tatu, na mwenzetu wa London hukiona saa kumi na mbili asubuhi majira ya baridi, saa moja majira ya joto.

Mwaliko wenyewe ni maandishi mafupi yanayofuata kanuni za iCalendar, zilizochapishwa mwaka 1998. Kila mmoja una alama yake ya pekee, ndiyo maana kikao kikiahirishwa huhama kwa wote bila kuzaa cha pili.

Lakini programu inajuaje nani ana nafasi? Haimuulizi mtu. Husoma kalenda yake: palipojazwa ana shughuli, palipo wazi yuko huru. Mwaka 1988 mtafiti Jonathan Grudin alieleza kwa nini ofisi nyingi zilishindwa na mfumo huu: kazi ya kujaza kalenda ilimwangukia kila mfanyakazi, faida ikamwendea anayeitisha vikao. Watu wakaacha kujaza. Naona hoja yake ingali hai, maana kalenda isiyojazwa humfanya mtu aonekane hana la kufanya.

Pwani jambo hili lina uzito. Ofisi ya mbali ikitazama Ijumaa mchana ya mfanyakazi wa Kisauni, huona nafasi nyeupe inayofaa kikao, kumbe yuko msikitini. Dawa yake ni ndogo: aandike mara moja tu, Ijumaa saa sita unusu hadi saa nane, kisha achague irudie kila wiki. Akitaka sababu ibaki yake, ataificha; wenzake wataona tu kwamba muda huo umeshikwa.