Je, Wajua? Gati la Leo, Maji ya Mwaka 2080

Etterbeek, manispaa ya Brussels, haina bandari. Lakini jina la kituo chake kimoja cha metro, Thieffry, linatupeleka hadi ziwani: ni la rubani aliyezaliwa hapo mwaka 1892. Edmond Thieffry aliruka kutoka Ubelgiji hadi Kongo mwaka 1925, na mwaka 1929 akafa huko kwa ajali ya ndege, karibu na Ziwa Tanganyika.

Je, wajua kuwa ziwa hilo lina mto mmoja tu wa kutolea maji? Ni Lukuga, unaoanzia Kalemie, ambayo Wabelgiji waliiita Albertville. Mvumbuzi Stanley alipoufikia mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na matete. Mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takribani mita 10! Gati lolote la wakati huo lingeachwa nchi kavu. Karne yetu imeleta kinyume chake: maji yamepanda hadi kuingia majumbani Bujumbura na Uvira.

Ziwa Victoria nalo? Mvua za 1961 hadi 1964 zililipandisha zaidi ya mita 2. Kufikia 2006, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, lilikuwa limeshuka karibu mita 3 kutoka kilele hicho. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita 1 juu ya rekodi ya 1964. Gati la Kisumu au Mwanza linatakiwa kupakia na kupakua katika hali zote hizo.

Je, wajua kuwa PIANC, chama cha kimataifa cha wataalamu wa bandari na njia za maji, kilizaliwa Brussels mwaka 1885, na makao yake yako huko mpaka leo? Mwaka 2020 kilitoa mwongozo wa kuziandaa bandari kwa mabadiliko ya tabianchi. Unahimiza kupima bila kukoma, na kujenga kitu kinachoweza kurekebishwa hali ikibadilika. Nauunga mkono kwa moyo wote: nguzo zikiwekwa imara tangu mwanzo, gati huinuliwa baadaye bila kubomolewa.

Gati hujengwa lidumu miaka 50 au zaidi. Bahari ilipanda sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, linakadiria ongezeko la sentimita 28 hadi 101 ifikapo 2100. Mombasa na Dar es Salaam angalau wanajua maji yao yanaelekea juu. Kigoma na Kalemie wanahitaji gati la kufanya kazi ziwa likijaa na likikauka.